Kilichonaswa Pamoja na Dagaa

Swali lenyewe lilikuwa dogo, la mtoto wa Kayenze:
kwa nini mwezi ukijaa mitumbwi hulala mchangani,
karabai huzimwa, na mama hukopa unga?
Nilimuuliza Mwalimu Bulugu.
Akaniambia nitaje mito mitano ya Tanzania.
Nikataja minne. Wa tano nilipewa kiganjani, kwa fimbo,
na hadi leo siukumbuki.

Nyanjige ndiye aliyesema, "Najua, ila si leo."
Alikuwa na miaka kumi na minne; kazi yake kusugua vioo vya taa
na kufunga soksi mpya za karabai bila kuzichana.
"Njoo Alhamisi, nikimaliza kuanika."
Ilikuwa Jumatatu.

Nyie mnaojibiwa papo hapo hamjui
Jumatatu hadi Alhamisi ni mwendo gani.

Siku zile nne ninazo zote, niulizeni:
sahani ya bati iliyobanduka rangi ukingoni,
kanga ya shangazi Mbula, maneno yamefifia
limebaki moja tu, WAACHE,
mbuzi wa kina Magesa aliyekula daftari langu la hesabu
akaanzia kwenye masahihisho,
mafuta ya taa kwenye vidole vya Nyanjige,
jinsi alivyopiga chafya tatu, akacheka mara moja.
Hakuna aliyenifundisha haya.
Hakuna mtihani ulioyauliza.

Alhamisi akanijibu, mdomo umejaa muhogo:
"Taa huita vijidudu, vijidudu huita dagaa.
Mwezi ukiwaka, ziwa zima ni taa.
Nani atahangaika na karabai yako?"
Basi. Akameza, akarudi kwenye vioo vyake.
Mimi nikabaki nimesimama
kama mtu aliyefunguliwa dirisha kisogoni.

Sasa niko Mwanza mjini, hospitali ya kilimani.
Nabandika waya ishirini na moja kwenye vichwa vya watu,
natazama mistari ikitetemeka kwenye kioo
kama ziwa ambalo upepo haujaliamulia.
Mawazo siyaoni. Wanaosema mashine husoma mawazo
hawajawahi kuiosha gundi kwenye nywele za mtu.
Ila zamu ikiwa kimya nasoma, na nimesoma hivi:
anayengoja jibu analolitamani,
ubongo wake huanza kumwaga dopamini kabla jibu halijabisha hodi.
Na ndani, usawa wa sikio, kuna kipande kidogo
kilichojipinda kama dagaa aliyekaukia juani;
hicho ndicho mtunza kumbukumbu.
Hamu ikikiwashia taa, hakichagui sana:
hubeba jibu,
hubeba na sura iliyokuwa karibu, na harufu, na mbuzi aliyejipitia.

Nilifunga kitabu nikacheka hadi mgonjwa akageuka.
Wavu wa dagaa una macho madogo.
Ukiuvuta alfajiri, furu wamo,
sangara wachanga wamo, hata kandambili ya mtu imo.
Hukuwaita. Ulikuwa umewasha taa tu.

Jana aliletwa Ng'wasi, miaka minane, huanguka darasani.
Nikamlaza, nikamwambia afumbe macho.
Mawimbi yakaja mapana, yamepangana,
halafu yakakatika ghafla: amefumbua.
"Hizi waya zinatoa au zinaingiza?"
Mama yake akamkemea: mtoto huyu, maswali!

Nilikuwa na jibu ulimini.
Nikalimeza.
"Najua," nikasema, "ila tulia kwanza, dakika ishirini."
Akafumba, lakini kope zikawa zinacheza.

Sijui leo amebaki na nini.
Pengine jibu. Pengine kifungo changu kilichokatika,
feni inayolia, shavu la mama yake
lilivyolegea alipomwona amejilaza bila woga.

Na wewe, kama unaujua ule mto wa tano,
tafadhali, usinitajie sasa.
Nitajie Alhamisi.